Jicho Lionavyo, na Sababu ya Kulitunza



Nimetakiwa kusema machache juu ya jicho. Naona heri nianze na jambo tulijualo sisi watu wa ziwani. Mvuvi wa Dunga aliyeikazia macho taa yake ya kuvulia omena, akigeuka ghafula kutazama gizani, haoni kitu. Akingoja, huanza kuona ukingo wa mtumbwi, kisha nyuso za wenzake. Giza halikupungua, jicho ndilo lililojirekebisha.

Jicho halitoi nuru, bali huipokea. Nuru itokayo kwenye kitu hupita kwanza katika kioo cha mbele kiitwacho konea, kisha huingia kwa tundu la mboni, ambalo hupanuka gizani na kusinyaa penye mwangaza. Nyuma ya mboni ipo lenzi, ambayo huikusanya nuru ianguke sawasawa juu ya utando wa nyuma uitwao retina. Picha hufika huko kichwa chini, miguu juu! Retina ina chembe zaidi ya milioni 100 za kupokea nuru. Zilizo nyingi ni za kuonea katika mwanga hafifu, na zilizo chache ni za kupambanua rangi. Habari huchukuliwa na mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo, nao ubongo ndio unaoifasiri.

Basi njia ya kuona ina vituo vingi, na kila kituo kina maradhi yake. Mtu akifikia umri wa miaka 40 hivi, lenzi yake huwa ngumu, na mshona nyavu huanza kuisogeza sindano mbali ndipo aione. Huyo hakurogwa, anahitaji miwani. Lenzi ikiingia ukungu, huo ndio mtoto wa jicho. Hauondoki kwa matone wala kwa maji ya majani. Daktari huitoa lenzi hiyo na kutia nyingine ya kutengenezwa, na mara nyingi mzee aliyeongozwa kwa fimbo hurudi nyumbani akitembea mwenyewe. Mtoto asiyeona vema jioni huenda amepungukiwa na vitamini A, ambayo retina huihitaji. Nayo hupatikana katika ini, maembe na mboga za majani. Lakini presheni ya jicho huua mshipa wa fahamu pole pole, pasipo maumivu mara nyingi, na nuru iliyopotea kwa njia hiyo hairudi tena. Kwa hiyo tusingoje.

Pengine mtu atasema kwamba upofu ni amri isiyopingika. Namkumbusha habari za Kodera, kusini mwa Kisumu, karibu na Oyugis. Huko watu waliokaa kando ya mito walipofuka kwa sababu ya usubi, mdudu mdogo aumaye na kuingiza minyoo mwilini. Watoto wa minyoo hiyo wakifika machoni na kufa, konea huvimba, ikapata makovu, hata nuru ikakosa mlango. Mwaka 1950 wataalamu van Someren na McMahon walitangaza kwamba mabuu ya usubi huo huishi juu ya kaa wa mtoni. Mito ya Nyanza ilitiwa dawa ya DDT, kazi iliyoanza katika miaka ya 1940, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha usubi ule ulikuwa umetokomezwa. Mito ingali inatiririka. Upofu wake ndio uliokoma.

Kwa hiyo naomba kila mwanachama afanye mambo mawili. Asikubali jicho la mtu wa nyumbani kwake litiwe dawa asiyoijua. Tena, amwonapo mzee akipapasa ukuta, au mtoto akilisogelea ubao darasani, asiseme ni uzee au ni uvivu, bali ampeleke akapimwe.