Upele Usiowasha

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo tuongee juu ya upele. Naona wengine mnacheka. Nani hajui upele? Mtoto anajikuna usiku kucha, mama anampaka dawa, basi. Upele huo wa kawaida huletwa na wadudu kama 10 au 15 tu mwilini.

Lakini kuna mwingine. Ngozi inakuwa nene na kufanya magamba ya kijivu mikononi, kwenye viwiko, hata kichwani na chini ya kucha. Ajabu ni kwamba pengine hauwashi kabisa. Ndani ya magamba hayo mna wadudu maelfu, hata zaidi ya milioni moja. Mwaka wa 1848 madaktari wawili wa Norwei, Danielssen na Boeck, waliueleza baada ya kuuona kwa wagonjwa wa ukoma. Hadi leo kuna watu wakiuona husema ni ukoma, ama mtu amerogwa, na mgonjwa anatengewa sahani yake. Jamani, sahani haina makosa! Wadudu hawa hupitia kugusana ngozi, nguo na malazi.

Kwa nini mmoja awe na wadudu 12 na mwingine milioni? Ni askari wa mwili wameshindwa. Virusi vya Ukimwi huwaua askari wanaoitwa CD4. Kuna virusi vingine vya ukoo huo, HTLV-1, vilivyotangazwa mwaka wa 1980. Navyo huambukizwa kwa kujamiiana, kwa damu na kwa maziwa ya mama. Hivi huwafanya askari waongezeke ovyo: ni wengi, lakini boma halilindwi. Huko Salvador, nchini Brazil, madaktari waliona kwamba kati ya wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi, waliokuwa na HTLV-1 pia ndio walioshikwa zaidi na upele huu mkali.

Sasa oneni hatari yake. Mwenye virusi vyote viwili anaweza kupimwa CD4, idadi ionekane nzuri, na huku anaumia. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye virusi vya Ukimwi aanze dawa bila kungoja idadi hiyo ishuke.

Kwa hivyo mkimwona jirani ana magamba hayo, msimnunulie mafuta ya dukani. Apelekwe hospitali, ngozi ichunguzwe, na akikubali apimwe virusi. Dawa ya kupaka peke yake haipenyi vizuri. Daktari huongeza vidonge vya ivamektini, na hurudiwa zaidi ya mara moja. Wote wa nyumba hiyo watibiwe siku moja, hata asiyejikuna. Wengi hukosea hapo, halafu wanalaumu dawa.

Nguo na mashuka zifuliwe kwa maji moto. Blanketi lisilofulika lifungwe kabisa ndani ya mfuko kwa juma zima. Na kama nyumba ina blanketi moja tu, kikundi kiwaazime lingine kwa siku hizo 7, na mweka hazina asiulize riba.