Moja yangu, moja yako: maneno yetu siku ya kutosha kilio cha Babu

(Maneno haya yalisomwa na watoto na wajukuu wa marehemu mbele ya wanamemba wa mutualité na majirani. Familia iliomba yachapwe hapa ili yabaki kwa maandishi.)



Kwanza aksanti. Mlilala inje pamoja nasi siku zote za kilio. Mlileta kuni, unga na mayi, na kasa ya mutualité ilitusaidia kununua sanduku. Leo tunatosha kilio, na tunapenda kusema machache juu ya Babu. Kisha kuko jambo moja ambalo tunapashwa kulisema mbele yenu, si ndani ya nyumba yetu peke yetu.

Wote mnajua Babu alikuwa mtu wa kuchekesha. Hata siku ya kumzika mlicheka, mpaka wageni waliotoka Uvira wakauliza: hawa watu wako na kilio ao wako na ndoa? Sisi tuliokula naye kwenye sahani moja tunataka kuwaambia kicheko kile kilikuwa kinafanya kazi gani.

Wakubwa wetu wanakumbuka mwisho wa mwaka 1996. Vita ilifika Fizi, watu wakashuka kwenye ziwa. Sisi tulipanda boti ya wavuvi usiku, tukiwa wengi kupita nguvu ya boti. Katikati ya Tanganyika mayi ikaanza kuingia. Kila mtu alikuwa na kopo ao sufuria, anatupa mayi inje. Watoto wanalia, mama mmoja anaomba kwa sauti, na wanaume wawili wakaanza kusimama. Ninyi watu wa ziwa mnajua: mtu akisimama katika boti iliyojaa, njo mwisho. Babu akaita mwenye boti: “Ndugu, nauliza tu. Tukizama, utaturudishia nauli?” Mwenye boti akacheka. Wale wawili nao wakacheka, wakakaa chini. Tukaendelea kutupa mayi mpaka kulipokucha, na tulifika upande wa Kigoma wote tukiwa wazima.

Mwaka 1997 tukapelekwa Lugufu. Wajukuu wengi tulizaliwa kule. Mliokaa kule mnakumbuka siku za posho: unga wa mahindi, mbaazi za manjano, mafuta, chumvi. Magunia yalikuwa yameandikwa USA. Babu alikuwa anatoa kofia mbele ya gunia na kulisalimia: “Karibu mugeni. Kule Marekani batu ni bazima?” Kila walipokuja kuhesabu watu, karani alimuuliza umri, na kila mara yeye alijibu: “Ile miaka nilikupa mwaka jana, uliipeleka wapi?” Na Bibi yetu, huyu aliyekaa hapa, alimwita “HCR yangu.” Watu wakiuliza sababu, anasema: “Juu ananihesabu kila jioni, ananipa posho, na hanipi ruhusa ya kutoka.”

Bibi, tunaona unacheka. Ni vizuri.

Mwaka 2007 tulipanda meli Kigoma, tukashuka Baraka na mablanketi, sufuria na shitingi. Babu alitutangulia kwenda kutazama kiwanja chake. Akakuta nyumba imejengwa, moshi unatoka, na michikichi aliyopanda kwa mikono yake inakatwa ngazi na mtu mwingine. Mtu huyo ni jirani yetu, Mzee aliyeketi pale mbele. Mzee, tulikuomba ruhusa ya kusimulia habari hii, nawe ukakubali. Aksanti.

Babu alipiga hodi. Mzee alitoka na panga mkononi, kwa kuwa siku zile habari za viwanja zilikuwa zinaleta damu. Babu akamwambia: “Usiogope, ndugu. Nilikuachia hii nafasi unichungie, na umeichunga muzuri. Sasa nimekuja kukulipa mushahara wa miaka 11. Lakini shida ni moja: HCR ilinipa sufuria tu.” Akaitoa ile sufuria kwenye mfuko na kumpa.

Mzee hakucheka siku ile. Yeye mwenyewe alitueleza kwamba aliingia ndani akakaa na sufuria kwenye magoti, hakujua afanye nini nayo. Yeye pia alikuwa amekimbia kijiji chake kule juu, akaja kukaa mahali alipokuta hakuna mtu. Siku ya tatu alirudisha sufuria. Ndani alikuwa ameweka mawese.

Njo namna walivyoanza kuzungumza. Hawakwenda mahakamani, hakuna hata franka moja iliyotoka. Mzee alibaki katika nyumba yake. Babu alijenga upande wa chini wa kiwanja. Ngazi wakagawa nusu kwa nusu. Kila siku ya kukata, mikungu ilipangwa chini na wazee wawili walihesabu kwa sauti. Babu anasema: “Moja yangu, moja yako, moja ya aliyepanda.” Anavuta wa tatu upande wake. Mzee anajibu: “Na moja ya aliyechunga.” Anavuta wa nne. Kisha wanaanza tena. Sisi watoto tulikuwa tunaona ni mchezo. Hatukujua kwamba ile ilikuwa mahakama yao.

Sisi tuliozaliwa Lugufu tulikuwa hatujui shamba. Tulijua chakula kinatoka kwenye gunia. Juma la kwanza mmoja wetu alimuuliza: “Babu, posho ni siku gani?” Hakukasirika. Alikata karatoni, akatengenezea kila mjukuu kadi yake yenye jina na tundu la kutoboa. Asubuhi akatupanga mstari kwenye shamba. Ukifika mbele, anatazama kadi, anatazama uso, anauliza “Familia ya watu wangapi?”, kisha anakupa vijiti vitano vya muhogo. “Posho ya mwaka muzima. Chimba pale.” Tulicheka sana, na tulichimba. Mwaka uliofuata tulikula bugali ya mihogo yetu. Mmoja wetu bado ana kadi ile.

Lakini tusiseme kwamba Babu alicheka kila kitu. Shangazi yetu mdogo alikufa kwa malaria kule Lugufu, na kaburi lake liko kule. Mwaka 2009 tulipata habari kwamba kambi imefungwa, wote waliobaki wameondoka. Babu alikaa chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka jioni. Chakula kililetwa, kikarudi. Jioni alisema neno moja tu: “Sasa yuko peke yake.” Tangu siku ile hatukusikia akitaja Lugufu kwa mzaha mbele ya Bibi. Ukitaka kujua mtu wa mzaha, tazama mahali anaponyamaza.

Katika mutualité mnamjua vizuri kutupita. Alikuwa akichelewa kwenye mkutano, analipa amande ya siku ile na ya mkutano unaofuata, “ili mwekahazina asipate taabu mara mbili.” Lakini mtu akifiwa, Babu hakuchelewa. Alikuwa wa kwanza kufika na kiti chake kichwani.

Mwaka huu tansiyo ilipanda, miguu ikavimba. Tulimpeleka hospitali kwa piki-piki, mmoja wetu akimshika kwa nyuma. Barabara mnaijua. Babu akamgonga dereva begani: “Pole pole, mutoto wangu. Miye sina haraka ya kufika.” Alikufa siku ya nne, Bibi akimshika mkono.

Sasa ni lile jambo tulilosema mwanzoni.

Siku ya pili ya kilio, usiku, mmoja wetu alisema: “Babu amekwenda, na masikilizano yake yamekwenda naye. Hakuna karatasi. Michikichi yote ni yetu, na kiwanja chote ni chetu.” Hatutataja ni nani, kwa sababu hakuwa peke yake. Wengi wetu tulinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kukubali. Tulifikiri juu ya bei ya mawese, juu ya masomo ya watoto. Mungu atusamehe.

Asubuhi yake Mzee alifika na mikungu ya ngazi kwenye kitoroli. Ilikuwa siku ya kukata, alikata peke yake. Akaipanga chini mbele ya watu wote wa kilio, akaanza kuhesabu: “Moja yangu, moja yake, moja ya aliyechunga.” Akasimama hapo. Alikuwa anangoja jibu. Sisi tulikuwa pale, wanaume wazima, na hakuna aliyefungua kinywa, kwa kuwa maneno ya usiku yalikuwa bado mdomoni. Tulisikia sauti ya Bibi kutoka ndani ya nyumba: “Na moja ya aliyepanda.”

Mzee akavuta mkungu wa nne upande wetu, akaendelea kuhesabu mpaka mwisho, huku anapanguza macho.

Usiku ule familia ilikaa tena, na leo tunawaletea tulichokubali. Nyumba ya Mzee na nafasi yake ni yake na ya watoto wake. Michikichi ni nusu kwa nusu, kwa watoto wa pande zote mbili. Tumeandika. Bibi ametia kidole, Mzee ametia sahihi, sisi pia. Karatasi moja iko kwa Mzee, moja kwetu, moja kwa chefu, na ya nne tunaiacha leo katika mikono ya mutualité. Babu alikuwa na kicheko chenye nguvu ya kushika neno miaka yote hii. Sisi hatuna kicheko hicho, njo maana tumetumia karatasi.

Na ninyi wenzetu mliorudi, wengi wenu mko na masikilizano ya namna hii, yanayokaa katika vinywa vya wazee wawili. Msingoje kilio. Andikeni wazee wote wawili wakiwa wazima, na wakiwa bado wanaweza kucheka pamoja.

Neno la mwisho. Chini ya godoro tulikuta kitabu chake kidogo. Ndani ameandika: “Deni ya kasa, 20.000 franka. Nikikufa, muwaambie niko njiani.” Mwekahazina, pesa ni hizi, Babu amefika. Tumeongeza amande ya kuchelewa.

Sasa kuko bugali, sombe na ndakala. Msiondoke na njaa, Bibi atawahesabu.