Drili ya Umeme Katika Usafi wa Bafu na Jiko
Wakazi wa Kigali, ambao Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi hushiriki kazi za pamoja za umuganda nje ya nyumba zao, wanaweza kupunguza uzito wa usafi wa ndani kwa kufunga brashi ya nailoni mdomoni mwa drili ya umeme, yaani keekee ya kutobolea ukuta. Ikizungushwa kwa mwendo wa chini, brashi hiyo huondoa ukoko wa sabuni katika grauti, ambayo ni saruji laini inayojaza mianya kati ya vigae, pamoja na mafuta yaliyoganda nyuma ya jiko. Bafuni hufaa drili ya betri pekee, kwani ile ya waya hubeba umeme wa takribani volti 230, ambao huweza kumuua mtu aliyelowa. Jambo zito zaidi ni dawa: ile ya klorini ya kung'arishia nguo, ikichanganyika na asidi ya kusafishia choo, hutoa gesi inayounguza mapafu, na kwa kuwa brashi inayozunguka hurusha matone hadi usoni, miwani ya kinga ni ya lazima kabisa, na dirisha liachwe wazi.