Nyumba ya Kale Yaweza Kupewa Kazi Mpya



Katika mji wa London, huko Uingereza, uko uwanja uitwao Bedford Square, uliozungukwa na nyumba za matofali zilizojengwa kati ya 1775 na 1783. Nyumba hizo zimeshikana ukuta kwa ukuta, kama maduka ya Karatina au Nanyuki yaliyopangwa mstari mmoja. Zilijengwa ziwe makao ya matajiri. Tangu mwaka 1917 baadhi yake ni shule, na wanaosoma humo hujifunza kuchora ramani za majengo. Sheria yakataza mtu kuzibomoa au kuzibadili bila ruhusa.

Labda mtu wa Nyeri atauliza, "Hayo yatuhusu nini sisi?" Yatuhusu sana. Pale Ruring'u, kando ya mji wa Nyeri, pana nyumba iliyojengwa katika miaka ya 1920 iwe mahakama ya wenyeji. Humo wazee walisikiliza mashauri kwa kufuata mila. Mwaka 1967 sheria mpya iliziondoa mahakama za namna hiyo katika Kenya nzima, na kesi zote zikapelekwa mbele ya mahakimu. Lakini nyumba ya Ruring'u haikubomolewa. Leo ni Makumbusho ya Nyeri, na watoto wa shule huingia humo kujifunza habari za nchi yao.

Wako wasemao, "Nyumba hiyo ni ya wakati wa ukoloni, ya nini kuitunza?" Neno hilo lina uzito, maana katika mahakama za namna hiyo wako walioshinda na wako waliotoka wakilia. Hata hivyo, kubomoa nyumba hakumrudishii mtu haki yake, bali kwaondoa ushahidi. Mtoto akisimama mahali walipoketi wazee, huuliza maswali ambayo kitabu peke yake hakimfanyi aulize.

Sheria ya mwaka 2006 yaiwezesha Serikali kulitangaza jengo kuwa kumbukumbu ya taifa. Lakini Serikali haiwezi kulijua kila darasa la mawe lililoko misheni, wala kila duka la zamani. Hiyo ni kazi ya kamati za shule, wazee wa kanisa na wenye majengo. Kabla ya kuleta nyundo, waulizeni watu wa Makumbusho.

Na utunzaji wenyewe si mgumu. Safisheni mifereji ya paa kabla ya mvua za Machi na za Oktoba. Mbao zikaguliwe zisiliwe na mchwa. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani na mawe huanza kumomonyoka.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nasi tuzibe ufa mapema, ili wajukuu wetu wapate mahali pa kusomea.