Machofu Si Uvivu: Maneno Juu ya Upungufu wa Damu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Juba

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili wa mwanadamu na akaufanya amana mikononi mwake. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Enyi ndugu Waislamu, waume kwa wake, wakaazi wa Malakia, wa Kator, wa Munuki na wa kila mtaa wa mji huu wa Juba! Yako maradhi yaingiayo nyumbani kwa kishindo, kama kipindupindu, kila mtu akayajua na akamkimbiza mgonjwa hospitali. Na yako mengine yaingiayo kimya kimya, yakakaa miaka, na mwenye nayo akaitwa mvivu. Upungufu wa damu ni katika haya ya pili.

Na utolewe mfano wa mke aamkaye kabla ya Alfajiri. Huteka maji, huwasha moto, hufagia, huwapeleka watoto chuoni. Zamani alikuwa akimaliza kazi zake kabla ya Adhuhuri. Sasa akichukua ndoo moja hushindwa na pumzi, na moyo humpiga kama aliyekimbia. Mume asema ni uvivu. Mavyaa asema ni jicho la watu. Jirani asema ni jini. Wote watatu wamesema, wala hapana hata mmoja aliyelivuta kope la chini la jicho lake akatazama rangi yake. Lau wangalitazama, wangaliona weupe pahala palipostahili wekundu.

Maana ya maradhi haya ni hii. Ndani ya damu mna chembe nyekundu zichukuazo hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha kila kiungo. Wekundu wake watokana na kitu kiitwacho himoglobini, nacho hakifanyiki pasipo madini ya chuma. Mwili mzima wa mtu una chuma kiasi cha gramu 3 hadi 4 tu, uzito wa msumari mdogo. Kikipungua hicho kidogo, viungo vyote hukosa hewa, na mtu huchoka hata akiwa amelala usiku kucha. Katika Kurani iko sura nzima iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma, nayo yataja kwamba ndani yake mna nguvu na manufaa kwa watu. Wengi huisoma wakakumbuka jembe na upanga. Na wakumbuke pia kile kilichomo mishipani mwao.

Alama zake ni hizi: machofu yasiyo na sababu, kizunguzungu wakati wa kuinuka, kichwa kuuma, masikio kuvuma, mikono na miguu kuwa baridi, pumzi kukatika katika kazi ndogo. Kope, ufizi, viganja na kucha hupauka. Ulimi huuma, pembe za midomo hupasuka, na kucha huwa dhaifu, pengine zikabonyea kama kijiko. Na iko alama moja ya ajabu: mtu kutamani kula udongo au kutafuna barafu. Wanawake wengi huificha kwa kuona haya, nayo si aibu, ni mwili ulalamikao. Lakini udongo hauleti damu. Huzuia chuma cha chakula kisiingie mwilini, na pengine huleta minyoo. Mtoto mwenye upungufu huu hukua polepole, hupoteza hamu ya mchezo, na chuoni husinzia. Mwalimu asimpige kabla hajapimwa.

Wala asidhani mtu kuwa jambo hili ni la nyumba chache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 wanawake 30 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa 40 katika kila 100.

Ama sababu zake ni nyingi. Ya kwanza ni chakula kisicho na chuma cha kutosha. Ya pili ni damu itokayo: hedhi nyingi kupita kiasi, nifasi, na mimba zifuatanazo. Ya tatu ni malaria, ambayo huvunja chembe za damu, na katika miezi ya mvua mji huu waijua vizuri. Ya nne ni minyoo ya safura, ing’ang’aniayo utumbo na kunyonya damu. Khabari zake zilijulikana sana katika bonde hili hili la Nili: huko Misri, katika miaka ya 1850, tabibu Griesinger alieleza kuwa minyoo hiyo ndiyo sababu ya weupe wa mafalahi, na mwishoni mwa karne ile mwanachuoni Looss, akiwa Kairo, alimwagikiwa mkononi na maji yenye vijidudu vyake, akagundua kwamba hupenya ngozi. Kwa hiyo kiatu na choo ni dawa kabla ya dawa. Na ya tano ni maradhi ya kurithi, kama selimundu. Mwenye hayo asimeze vidonge vya chuma ila kwa shauri la daktari, kwani dawa ya mmoja huweza kuwa madhara kwa mwingine.

Mwanamume au mama aliyekoma hedhi akipungukiwa na damu, na atafutwe pahala inapotokea. Huenda ni kidonda cha tumbo, au vidonge vya maumivu vinavyomezwa kila siku, au jambo kubwa zaidi ndani ya matumbo.

Dawa huanza kwa kupimwa, na kipimo ni tone la damu. Mwanamume aliye chini ya gramu 13 katika desilita, na mwanamke asiye na mimba aliye chini ya 12, huhesabiwa kuwa amepungukiwa. Mja mzito katika miezi mitatu ya kwanza ni chini ya 11, na akishuka chini ya 7, hiyo ni khatari kubwa. Mwanamke huyo akizaa na damu ikamtoka kidogo tu, hana akiba ya kumwokoa. Nchi hii ni katika zile ambazo mama wengi zaidi duniani hufa kwa uzazi, na kutoka damu ni katika sababu zake kubwa. Basi mume amzuiaye mkewe asiende kliniki kwa kuogopa nauli, na akumbuke kwamba nauli hulipika, na roho hailipiki.

Vidonge vya chuma humezwa kwa maji, au kwa maji ya ndimu, wala si kwa chai wala maziwa. Huenda vikachafua tumbo au kufunga choo, na choo huwa cheusi. Hilo lisimtishe mtu. Likimzidi, amwambie daktari apunguziwe, asiache kimya kimya. Nguvu hurudi baada ya majuma kadhaa, lakini dawa huendelezwa, aghalabu kwa miezi mitatu zaidi, ili ghala la mwili lijae. Na vidonge hivyo vifungiwe mbali na watoto, kwani mtoto akivila kama peremende huweza kufa.

Katika chakula, nyama nyekundu na maini ndiyo bora, na maini ni halali kwa mafundisho ya Mtume. Ama damu yenyewe ni haramu, wala hapana haja nayo. Asiye na uwezo wa nyama ana samaki wa Nili, ful, dengu, mulukhiya na majani mengineyo. Na akamulie ndimu juu yake, au ale embe au pera, kwani uchachu wa matunda hukivuta chuma cha mboga. Chai ya rangi hufanya kinyume chake. Hapana ubaya kuketi chini ya mti kwa muuza chai. Ubaya ni kuinywa pamoja na chakula. Na isubiriwe saa moja. Wako pia wadhanio kuwa kila kinywaji chekundu huongeza damu: rangi ya chupa si rangi ya damu.

Katika Ramadhani, Surat Al-Baqara imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Mwenye kuambiwa na daktari wa kuaminika kuwa saumu itamdhuru, asijione amepungukiwa na dini. Na awezaye kufunga, ameze kidonge chake baina ya futari na daku, na chai aicheleweshe. Tende ni Sunna ya kufuturia, lakini chuma chake ni kidogo. Isitegemewe peke yake. Sura hiyo hiyo imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na ndani yake mna rehema ya kumpumzisha mama kabla ya mimba nyingine. Na mtoto akitimiza miezi sita, maziwa na yaongezewe chakula chenye chuma.

Lakini mwenye kuhema hali amekaa, mwenye kuzimia, mwenye kutoka damu isiyokatika, na mtoto mweupe wa viganja apumuaye kwa haraka, hao hawangoji kesho wala kombe. Na wapelekwe hospitali siku ile ile. Na kijana mwenye siha njema akiombwa kutoa damu kwa ajili yao, na aitoe. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameiruhusu.

Enyi ndugu! Leo jioni kila mume na atazame viganja vya mkewe, na kila mama atazame kope za wanawe. Kazi hiyo haina gharama. Na atakayeonekana amepauka, asiambiwe jipe moyo. Aambiwe twende tukapime.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu na wa watu wote, awahifadhi mama wazaao, na ajaalie nchi hii siha na amani. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.