Hadubini iliyokaza haijafa



Leo nataka tuzungumze juu ya hadubini, chombo ambacho wengi wetu huita darubini ya maabara. Enzi za Wajerumani, Robert Koch alikitumia hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 alipokuwa akichunguza malaria. Hata leo, ingawa vipimo vya haraka vimeenea, hadubini ndiyo inayomwezesha mtaalamu kuhesabu vimelea katika damu na kujua kama dawa inafanya kazi.

Ndiyo maana huniuma ninapoona hadubini imara zimefungiwa stoo, lenzi zake safi kabisa, kisa nobu ya kurekebishia imekaza. Ukiuliza, unajibiwa, "Imekufa hiyo." La hasha! Kilichokufa ni grisi.

Grisi ni mafuta yaliyofanywa mazito, mara nyingi kwa aina ya sabuni. Miaka ikipita mafuta huharibiwa na hewa, ukabaki utando mgumu kama gundi, ambao ukikaa kwenye shaba hugeuka kijani. Sasa mtu akija na misuli yake akazungusha kwa nguvu, meno ya gia hukatika. Hapo ndipo chombo hufa kweli, tena kwa mkono wa binadamu.

Madhara yake si madogo. Lenzi ya mara 100 husogea hadi chini ya nusu milimita kutoka kwenye slaidi. Nobu iliyokaza haitelezi, inaruka. Ikiruka, slaidi huvunjika, au kimelea hupotea machoni na mgonjwa akaambiwa hana kitu.

Dawa ipo, nayo ni subira. Kwanza ondoa lenzi zote uzifunike mbali. Fungua skrubu kwa bisibisi inayoenea sawasawa, uzipange kwa mfuatano na kuchora kila hatua. Ukikuta vipande vyembamba vya bati nyuma ya gia, weka alama, maana virudi palepale. Sehemu ikigoma, ipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, usubiri. Grisi kuukuu iondoe kwa kijiti cha mti, pamba na spiriti nyeupe, mbali na moto. Msasa ni mwiko, kwani reli hizo zimechongwa zikaenea barabara. Kisha paka grisi mpya nyepesi, utando tu. Mafuta ya cherehani hayafai hapo: hutiririka, na meza ya slaidi ikashuka yenyewe. Mwisho kaza skrubu kidogo kidogo huku ukizungusha nobu, mpaka iteleze bila kulegea.

Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Mafundi saa wetu wana macho, vidole na uvumilivu unaotakiwa. Wanachohitaji ni kuelekezwa na kuaminiwa. Rai yangu kwa wakuu wa zahanati na shule ni hii: kabla ya kuandika barua ya kuomba hadubini mpya, fungueni kwanza mlango wa stoo. Na bajeti ya maabara iwe na fungu la matengenezo, hata kama ni dogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku ukuta ukijengwa, mwenye homa bado yumo kwenye foleni.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.