Sauti Zilizokuwa Katika Katoni
Hotuba ya Kwaya Siku ya Jubilei ya Dhahabu



Tulipoanza matayarisho ya sherehe hii, kazi ya kwanza ilikuwa kusafisha stoo ya kwaya. Chini ya majoho ya zamani tulikuta katoni ya santuri. Kadhaa zilikuwa zimejipinda kwa joto la mabati, na wengine wetu tulisema zichomwe pamoja na takataka. Mzee mmoja wa sauti ya besi akatuzuia. Akasema, “Ngojeni kwanza tuzisikilize.” Leo tunamshukuru mbele yenu wote.

Santuri mbili za katoni ile ndizo tunazotaka kuwaeleza.

Ya kwanza ni Missa Luba, iliyorekodiwa mwaka 1958 na kutolewa na kampuni ya Philips. Walioiimba ni Les Troubadours du Roi Baudouin, kwaya ya wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15 kutoka Kamina, Kongo, chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Maneno ni ya Kilatini, lakini mahadhi ni ya Kongo. Kyrie imejengwa juu ya mtindo wa maombolezo wa kasala, na Sanctus juu ya wimbo wa kuagana wa Waluba. Hayo yalifanyika kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofunguliwa mwaka 1962. Sisi tunaocheza kayamba na ngoma katika misa bila kuulizwa neno, tukumbuke waliotutangulia njiani. Mwaka 1990 Muungano National Choir ya hapa Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, nayo iliirekodi misa hiyo. Hata hivyo, wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuisikia, nayo ilikuwa stoo kwetu.

Santuri ya pili ni ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika. Ina nyimbo mbili, na walioimba ni sisi: kwaya hii, katika miaka yake ya mwanzo, ikiongozwa na mwalimu wetu wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu. Wakati wa Jubilei ya Fedha tulijaribu kuicheza ikakwaruza tu. Tukasema imeharibika, tukaitupa katonini. Kwa miaka 25 tumewaambia vijana kwamba sauti ya mwalimu haikubaki popote.

Kumbe kosa halikuwa la santuri. Sindano ya gramafoni ilikuwa imekwisha, na santuri ilikuwa imejaa vumbi. Safari hii tuliipangusa kwa kitambaa laini chenye maji safi, tukifuata mzunguko wake, tukaiacha ikauke, tukatafuta gramafoni yenye sindano mpya. Ndipo tukasikia. Tulisikia soprano zikivuta pumzi kabla ya kiitikio. Tulisikia kayamba upande wa kushoto wa chumba, kana kwamba mchezaji amesimama pale dirishani. Tulisikia mwalimu akihesabu kwa sauti ya chini, “moja, mbili.” Mama mmoja aliyeimba alto siku ile alishika kichwa akasema, “Huyo ni dada yangu.” Dada yake tulimzika miaka mingi iliyopita.

Mtu atauliza: santuri ya zamani inawezaje kutoa sauti safi hivyo? Sababu zake si za ajabu. Kwa umbali uleule kutoka katikati, santuri inayozunguka mara 45 kwa dakika hupitisha mfereji mrefu zaidi chini ya sindano kila sekunde kuliko ile ya mizunguko 33, kwa hiyo sauti nyembamba hupata nafasi. Tena wakati ule hapakuwa na kompyuta ya kunyoosha sauti iliyopotoka. Kwaya ilifanya mazoezi mpaka ikaiva, ndipo ikarekodi. Na kuna sababu ya tatu inayotuchekesha kidogo. Watafutaji wa santuri mjini huulizia benga na rumba, za kwaya huzipita. Kwa kuwa hazikuchezwa sana, hazikuchakaa. Kudharauliwa kwake ndiko kulikozihifadhi.

Lakini hatuwezi kujisifu. Kwaya yetu ilirekodi santuri mbili, na ya pili hatuna. Nakala zake tuliziuza hapa hapa parokiani, nyumba kwa nyumba. Tunajua nyingine zilifunikia mitungi, nyingine watoto walizirusha kama visahani. Hata katika nyumba zetu wenyewe wanakwaya yalitendeka hayo, na tunaungama.

Kwa hiyo tunawaomba. Mkirudi nyumbani, tazameni ndani ya kabati la vyombo, juu ya dari, chini ya kitanda cha nyanya. Mkiikuta, msiijaribu kwenye gramafoni ya zamani, kwa maana sindano iliyochakaa hukwangua mfereji, na kilichokwanguliwa hakirudi. Ishikeni kwa ukingo. Isimamisheni wima, mbali na jua. Kisha mtuletee, hata kama ina mikwaruzo, hata kama jalada limeliwa na mchwa. Tutainakili kwenye kompyuta mara moja kwa uangalifu, na santuri yenyewe tutawarudishia.

Vijana wetu hujifunza nyimbo kwa simu, na si vibaya. Ila tungependa wajue kwamba mwendo wa besi wanaouimba kila Jumapili haukuanza jana. Una mwalimu, na mwalimu huyo ana sauti.

Baada ya chakula tutaicheza ile santuri moja hapa ukumbini. Tafadhali tunyamaze hadi mwisho, tuwasikilize wenzetu.

Bwana awape marehemu wetu pumziko la milele.